Bomba Limewakosea Nini?

Hebu nijibuni, enyi wenye nyumba wa mji huu. Kila nikiitwa kazini, kabla hata sijashusha mkoba naambiwa, "Fundi, sitaki kuona bomba hata moja. Chimbia yote." Haya, nachimbia. Napiga patasi ukutani kutwa nzima, vumbi la saruji linanijaa mpaka kwenye kope, plasta inarudishiwa, malumalu ya bei mbaya yanabandikwa juu yake. Mwaka haujaisha simu inaita: fundi, ukuta umelowa, rangi inabambuka, njoo. Nikifika na nyundo ya kuvunjia malumalu, mama mwenye nyumba ananuna, eti nimekuja kumtia hasara.

Sasa, binti yangu anaishi Paris na mumewe, wakaniita nikawatembelee. Siku moja mkwe akasema, "Baba, leo nakupeleka Centre Pompidou. Ni kituo cha sanaa zote: picha, sinema, ngoma, muziki, na maktaba humohumo." Mimi na sanaa wapi na wapi, lakini mkwe akikualika utasemaje magoti yanauma? Tukakata kona, nikaganda. Jengo zima limevaa mabomba! Nje! Manene, membamba, yamepanda kutoka chini hadi juu, na ngazi za umeme nazo zimetiwa ndani ya bomba la kioo likakatiza ukuta kimshazari. Nikamwuliza, "Hawa bado hawajapiga plasta?" Akajibu kwa adabu, "Baba, limefunguliwa tangu 1977."

Wala msidhani walikosa fundi wa maana. Rais wao, Georges Pompidou, alitaka kituo hicho, na mwaka 1971 ikaamuliwa kwa mashindano ya michoro. Michoro 681! Wakashinda vijana, Renzo Piano Mwitaliano na Richard Rogers Mwingereza, pamoja na wenzao. Katika hiyo 680 mingine hawakosekani waliochimbia kila kitu vizuri kama mnavyopenda ninyi, wakaambulia patupu. Pompidou mwenyewe alifariki 1974, hakuliona likiisha. Watu wa Paris walilalama weee, wakasema limefanana na kiwanda cha kusafishia mafuta. Hapo niliwaelewa, maana mimi mwenyewe nilishaikumbuka ile mitambo ya Kigamboni.

Lakini mkwe aliponieleza zile rangi, hasira ikageuka wivu. Kijani ni maji. Buluu ni hewa. Njano ni umeme. Nyekundu ni mambo ya kupandisha watu, lifti na ngazi. Fundi mgeni akitumwa pale haulizi mtu, anatazama tu. Kwetu je? Bomba limepita wapi ukutani anajua fundi wa kwanza peke yake, na fundi wa kwanza kahamia Tunduma, namba yake haipatikani.

Faida nyingine iko ndani. Kwa kuwa takataka zote zimetolewa nje, kila ghorofa ni uwanja mtupu, upana wa karibu mita 50 bila nguzo. Wanahamisha kuta za maonyesho watakavyo. Picha zenyewe siwezi kuzisemea. Nyingine nilizipita mbiombio, moja nilidhani ukuta unasubiri rangi ya pili.

Kisha tukafika penye sinki la kukojolea.

Nasema sinki la kukojolea, la kauri nyeupe, limelazwa chali, watu wameinamisha vichwa wanalisoma. Mimi nikaenda upande wa nyuma kutazama tundu la bomba, maana ndiyo kazi yangu. Halijaungwa popote! Mkwe akaanza kunieleza, macho kayaelekeza darini, kwamba mtu aitwaye Marcel Duchamp alilinunua dukani mwaka 1917 kule New York, akalitia saini ya jina la bandia, akalipeleka kwenye maonyesho, wakalikataa. Lile la kwanza lilipotea, na haya yanayoonyeshwa yalitengenezwa 1964. Jamani, mtu na mkwewe wamesimama mbele ya choo wanajadili choo! Mila gani inaruhusu? Nikakohoa, nikasema, "Kauri nzuri." Akasema, "Ndiyo, baba." Tukaondoka hatutazamani. Lakini mimi nimefunga masinki ya namna hiyo stendi nzima, yanafanya kazi, na hakuna aliyewahi kuniomba saini.

Kutoka nje, aibu nyingine: bwawa la Stravinsky, la 1983, limejaa masanamu yanayorusha maji, likiwemo la nguva, na nguva huyo maji yanamtoka kifuani. Mkwe akageukia kanisa. Mimi nikainama kuchungulia kina. Nikaambiwa wamelifanya la kina kifupi makusudi lisiwe zito, kwa sababu chini yake kuna kituo cha utafiti wa muziki. Watu wanapiga vinanda, juu ya dari lao kuna bwawa! Fundi aliyekubali kazi hiyo ana roho ngumu, mimi ningedai malipo yote mbele.

Basi, mwaka 2025 wamelifunga jengo, wanakarabati mpaka 2030. Na si mara ya kwanza, liliwahi kufungwa 1997 hadi kuamkia 2000. Bomba la nje linapigwa na mvua na jua, hilo sibishi. Lakini wao wanaita ukarabati. Fundi wa Mbagala akirudi nyumba ileile mara mbili anaitwa tapeli.

Juzi nimepata kazi Tabata. Nikamweleza mama mwenye nyumba yote hayo kwa utulivu: tuyaache nje, tuyapake kijani, yakivuja tunayaona siku hiyohiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jengo hilo liko wapi. Nikamwambia, Ufaransa.

"Haya, ukiitwa Ufaransa kayaache nje. Hapa chimbia."