Hesabu Kazi Inayobaki

Usiku mmoja nilimkuta mama kwenye korido, gizani, kiganja chake kiko ukutani kando ya swichi ambayo hakuthubutu kuigusa. Juu ya swichi hiyo nilikuwa nimebandika karatasi kwa mkono wangu: USIZIME. Taa za korido zilikuwa zile zinazoagizwa kwa simu au kwa sauti, na taa ya namna hiyo ukishakata umeme kwenye swichi haisikii tena amri yoyote. Usiku ule intaneti ilikuwa imekatika. Mama alikuwa ameiambia spika mara tatu iwashe taa, kwa upole, kama anavyozungumza na mtu, na mara zote tatu spika ilimjibu kwamba imeshindwa kuunganishwa. Basi akasimama pale akisubiri niamke.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akanijibu, "Si kitu mwanangu. Nilidhani nimekiharibu mimi."

Jibu hilo limekaa nami mpaka leo. Yeye ndiye aliyeachwa gizani, na yeye ndiye aliyejitwisha kosa.

Sipingi vifaa. Akili mnemba, ambayo wengine mnaiita akili unde, naitumia karibu kila siku, na nyumbani kwangu bado kuna vitu kadhaa vilivyounganishwa na intaneti. Ninachogombana nacho ni namna tunavyopima faida yake. Tunahesabu kazi ambayo kifaa kimeifanya, tunafurahi, na hesabu tunaifunga hapo. Kazi inayobaki mkononi hatuihesabu: kufungua akaunti, kukumbuka nywila, kusubiri sasisho limalizike, kuchaji, kukagua kama jibu ni la kweli, kumweleza mgeni kwa nini asiguse swichi. Kazi hiyo haionekani kwenye tangazo lolote, na mara nyingi anaifanya mtu ambaye hakukichagua kifaa.

Hata sisi tunaojiona wajuzi hatuioni. Mwaka 2025 METR, taasisi ya utafiti inayopima uwezo wa akili mnemba, iliwachukua waandaaji programu 16 wazoefu, watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye miradi wanayoijua kwa miaka, ikawapa kazi 246 za kweli. Kwa kila kazi iliamuliwa kwa bahati nasibu: hii unaruhusiwa kutumia akili mnemba, hii huruhusiwi. Kabla ya kuanza walitarajia kwamba zana hizo zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini kwamba zimewapunguzia kwa asilimia 20. Saa ilionyesha kwamba walipokuwa na akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi, kwa asilimia 19.

Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi, kwa sababu kuchelewa kwenyewe hakunishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba mtu alichelewa huku moyo wake ukimwambia amewahi. Kusoma kitu kilichoandikwa na mwingine, kukirekebisha, kukirudisha, kusubiri, yote hayo hayachoshi kama kukaa mbele ya ukurasa mtupu. Ubongo umepumzika, na tunaupokea unafuu huo kama muda uliookolewa. Ni kweli kwamba waliopimwa walikuwa mafundi wa kiwango cha juu, na zana walizotumia ni za mwanzoni mwa mwaka ule. Utafiti mwingine, uliotolewa 2023 na kuwahusu wahudumu zaidi ya 5,000 wanaojibu wateja, ulikuta waliopewa msaidizi wa akili mnemba wakitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, asilimia 14 kwa wastani. Kwa wageni wa kazi ongezeko hilo lilikuwa asilimia 34, ilhali wazoefu karibu hawakufaidika. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama zana hizi zinafaa, humuuliza kwanza: zinamfaa nani, kwa kazi gani, na nani atakayekagua?

Ukaguzi ndio penye uzito, na mfano ninao nyumbani.

Niliiomba programu moja inipangie ratiba ya dawa za mama kutoka kwenye maelezo niliyoyaandika mwenyewe: moja saa nane mchana, nyingine saa mbili usiku. Ilinirudishia jedwali safi, lenye mistari iliyonyooka na vikumbusho tayari kuwekwa kwenye simu. Ya mchana iliipatia sawasawa, 14:00. Ya usiku iliiweka 02:00. Ilikuwa imechukua "saa mbili" yetu ikaisoma kwa saa za Kizungu, saa nane za usiku, wakati kila mtu amelala fofofo. Mstari wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa, na usahihi huo ndio uliotaka kunipitisha, kwa kuwa jicho likishaona jambo moja limenyooka huteleza juu ya la pili. Nililigundua kwa sababu dawa zile nazijua, na najua mama huzimeza baada ya chakula cha usiku. Ndugu aliye mbali, aliyetumiwa jedwali lile kwa simu, angelihifadhi na kushukuru.

Fundi akiwa na mashaka utamwona. Atakuna kichwa, atazunguka kitu mara mbili, atasema "ngoja kwanza". Programu hizi hupanga maneno kwa kukadiria ni neno gani linalofuata vizuri baada ya lililotangulia, kutokana na maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo, na sentensi ya kweli na ya uongo hutoka kwa sauti ileile tulivu. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwapo. ChatGPT, programu ya mazungumzo ya akili mnemba, ndiyo iliyozitunga, na kesi za kubuni zilikuwa na majina na namba kama kesi halisi. Mwaka uliofuata, nchini Kanada, shirika la ndege la Air Canada liliamriwa kumlipa abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Shirika lilijitetea kwamba programu ile inajitegemea na inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza lililosikiliza shauri likakataa. Nami naona lilifanya vyema sana, maana utetezi ule ungepita, kosa la mashine lisingekuwa na mwenyewe, na mzigo ungemwangukia yeyote aliye dhaifu zaidi.

Kwa hiyo mimi hutumia akili mnemba pale ambapo kukagua ni rahisi kuliko kutenda. Kubadili sauti niliyoirekodi kuwa maandishi: nasikiliza, nasoma, kosa naliona. Kupanga upya barua niliyoiandika kwa hasira: naijua barua, naijua hasira, nitatambua ikibadilisha nilichokusudia. Kunikumbusha neno lililonitoka, kunifafanulia sentensi ngumu kwenye mkataba ili nikaisome tena kwenye mkataba wenyewe. Muhtasari wa waraka nisiousoma siupokei. Nimewahi kupewa muhtasari mzuri wa makubaliano ya kurasa nane uliosahau neno moja, "isipokuwa", na kila kilichokuwa na maana kwangu kilikuwa baada ya neno hilo.

Vifaa vya nyumbani navyo vina swali lao, tofauti kidogo: siku kikishindwa, nyumba inabaki nini? Taa ya kawaida ikiharibika nabaki na balbu mbovu, nabadilisha. Kitu kinachotegemea seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, kinaweza kuwa kizima kabisa mkononi mwangu na bado kikafa. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, kitovu kidogo cha kuunganisha taa, milango na vitu vingine vya nyumbani. Kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 seva zake zikazimwa. Vifaa vilivyokuwa vimelipiwa, visivyo na ufa wala waya uliokatika, vikageuka vifuniko vya plastiki. Na tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu kwenye seva za Amazon nchini Marekani ilipoangusha huduma nyingi kwa saa kadhaa, wenye vitanda vya Eight Sleep, ambavyo hupasha na kupoza godoro, walishindwa kuviamuru. Wapo waliolala kwenye joto wasiloweza kulipunguza. Kitanda! Kampuni iliomba radhi na kuanza kutengeneza njia ya kukiendesha kitanda bila intaneti, jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuwapo kabla kitanda cha kwanza hakijauzwa.

Kuna na hatari ambayo mwenye nyumba haioni hata ikitokea chini ya paa lake. Programu haramu iitwayo Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na ruta (vile vifaa vinavyosambaza intaneti nyumbani) nyingi duniani kwa njia rahisi ya kusikitisha: ilijaribu nywila zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa lilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, inayosaidia vivinjari kuzipata tovuti kwa majina yake, na tovuti kubwa, Twitter na Netflix zikiwemo, zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera zile waliendelea kuziona zikifanya kazi kama kawaida. Uingereza imeshapiga marufuku nywila za kiwandani zinazokisika kwa urahisi, tangu Aprili 2024, na inamtaka muuzaji aseme kifaa kitapata masasisho ya usalama kwa muda gani. Ningependa tarehe hiyo iandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa kila mahali. Ukomo wa masasisho ndio mwisho wa kifaa, hata kama kinaendelea kuwaka.

Baada ya yote hayo, bado kuna watu ambao kwao vitu hivi ni uhuru mtupu, na wao ndio hunizuia kuropoka. Taa ileile iliyomwacha mama gizani, kwa mtu asiyeweza kunyanyua mkono, ni tofauti kati ya kuwasha mwenyewe na kumwita mtu kila jua linapozama. Mjomba wangu macho yake yamefifia. Anatumia Be My Eyes, programu iliyoanza 2015 kwa kumuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kupitia kamera ya simu, na tangu 2023 ina pia akili mnemba inayoeleza kilicho kwenye picha. Nimekaa naye akipanga chupa zake mezani. Anapiga picha, anasikiliza, anaigeuza chupa, anapiga tena upande wa pili, anasikiliza kama maelezo mawili yanakubaliana. Ya dawa haiachii mashine, anampigia mtu amsomee. Lakini bahasha, nguo, kadi, kopo lipi ni la nini, hayo anayamaliza mwenyewe bila kumsubiri mtu. Hakuna aliyemfundisha utaratibu huo. Amejiwekea mwenyewe, na ni bora kuliko wangu.

Mjomba hakununua zana ili aone itamfaa wapi. Alikuwa na shida yenye jina, iliyokuwa ikimla heshima yake kila siku, na zana ikaja kwenye shida hiyo ikakuta mtu anayejua mahali pa kuiamini na mahali pa kuiacha. Mimi nilinunua taa kwa sababu zilinivutia, kisha nikazitafutia shida.

Mwezi uliopita nilichomoa ruta kwa makusudi, nikaiacha imezimwa tangu asubuhi hadi usiku, nikazunguka nyumba nzima. Kihisi cha maji chini ya sinki nilikimwagia kijiko cha maji, kikapiga kelele vilevile, maana king'ora chake hakiombi ruhusa ya seva. Hicho kimebaki, na kilishawahi kutuokoa siku bomba lilipolegea usiku. Kufuli la mlango lilifunguka kwa ufunguo wa chuma kama kawaida, basi nalo limebaki. Kamera ya sebuleni haikurekodi chochote bila intaneti, na ilipokuwa na intaneti ilikuwa ikipeleka sebule yetu mahali nisipopajua. Niliitoa siku hiyohiyo.

Kwenye korido nimeweka taa yenye kihisi cha mwendo, isiyo na akaunti wala programu. Mama akipita inawaka, na swichi yake iko palepale ukutani, anaizima na kuiwasha apendavyo. Ile karatasi nimeibandua. Ratiba ya dawa nimeiandika upya kwa kalamu, saa nane mchana na saa mbili usiku, na spika nimeihamishia jikoni inakohesabu dakika mikono yangu ikiwa na maji.