Keki Iliyomtukana Bibi Harusi

Rafiki yangu mmoja wa Pennsylvania alinifanya mpambe wake wa harusi. Kule hakuna kamati. Mpambe ndiye kamati. Nikakabidhiwa keki ya ghorofa mbili, na iandikwe Kiklingoni, lugha ya wababe wa sinema za anga za juu iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand, kamusi yake ikatoka 1985. Bwana harusi anaizungumza hata akiota.

Karatasi aliyonipa ilikuwa na mistari miwili. Ghorofa ya juu: be'nalwI', yaani mke wangu. Ya chini: 'IH be', mwanamke ni mrembo. Akaniusia kama mzee anayegawa mashamba: herufi kubwa zibaki kubwa, na kile kialama tunachokipachika kwenye ng'ombe, kwao ni herufi kamili. Nikayafikisha yote hayo dukani mpaka wakanichoka.

Fundi wa keki alikuwa makini kupita kiasi. Aliona be' na nal zimeshikana juu, maana ni neno moja, akaamua kwamba za chini zimetengana kwa bahati mbaya. Akaziunga: 'IHbe'.

Sasa, sisi tukikanusha tunatanguliza "si". Mklingoni hukanusha kwa mkia: kitenzi kwanza, kisha be' nyuma yake, na kwao "kuwa mrembo" ni kitenzi. Pakiwa na nafasi, be' ni mwanamke. Ikibanwa, ni "si". Keki ikasimama katikati ya ukumbi ikitangaza: Mke wangu. Si mrembo.

Wageni wengine walipiga picha tu. Meza ya wajuzi wa Kiklingoni ilikaa kimya, kisha mmoja akapaliwa na soda. Mama mzaa bibi harusi akaomba atafsiriwe; aliyeombwa akaanza kufuta miwani, akafuta, akafuta.

"Fanya kitu," bwana harusi akaninong'oneza.

Krimu ukiifuta inaacha kovu. Nikachukua kisu, nikachomoa kipande chembamba kati ya H na b. Nafasi ikapatikana! Kipande nikakitia mdomoni, ningekificha wapi na suti ni ya kukodi? Meza ile ikanguruma "Qapla'!", yaani "Mafanikio!"

Ghorofa ya juu nayo ikaanza kuinamia shimo. Nikaidaka.

"Nani amekata keki yangu?" Bibi harusi huyo, nyuma yangu.

Mdomo umejaa, mkono mmoja umeegemeza ghorofa. Nikamwonyesha bwana harusi kwa ncha ya kisu.