Neno hilo lilikuja na Wanormani

Katika makala yenu kuhusu neno hili, mwandishi anasema "archeress", jina la zamani la mwanamke mpiga mishale, ni Kiingereza asilia. Hapana, naomba gazeti lirekebishe. "Archer" liliingia Uingereza na Wafaransa wa Normandy, walioiteka nchi hiyo mwaka 1066, na mzizi wake ni "arcus", yaani upinde kwa Kilatini. Hata kiambishi "-ess" cha kuonyesha uke kilipitia Kifaransa na Kilatini kutoka Kigiriki. Waingereza wa kale walimwita mpiga mishale "scytta", na kwa wanawake walikuwa na kiambishi chao, "-estre". Ndicho kilichozaa "spinster", ambaye mwanzoni alikuwa mwanamke anayesokota nyuzi, kabla maana haijageuka kuwa asiyeolewa. Kwa hiyo jina zima ni la kigeni, mwanzo hadi mwisho.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba makala yote haina mwanamke hata mmoja aliyeshika upinde! Queenie Newall alistahili aya nzima. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya London 1908 akiwa na umri wa miaka 53, na hadi leo yumo miongoni mwa wanawake wenye umri mkubwa zaidi waliowahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Katika fainali hiyo Newall alimshinda Lottie Dod, bingwa mara 5 wa tenisi ya Wimbledon, aliyeshika nafasi ya pili. Tafadhali waongezeni wote wawili, maana wasomaji vijana, hasa wasichana, wanawahitaji kuliko kamusi.