Binti yangu alijifunza kuogopa nyoka usoni mwangu

Mwezi uliopita, hapa Uingereza, shule ya binti yangu ilileta nyoka wa kufugwa ili watoto wamguse, na wazazi tukaalikwa. Binti yangu, mwenye miaka minne, alimpapasa mgongoni kwa kidole. "Mama, mkavu!" akasema, amefurahi kweli. Kisha akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono mdomoni. Akautoa mkono wake, akaufuta kwenye sketi, na hakumgusa tena.

Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mmarekani Susan Mineka na wenzake waliliona jambo hilihili kwa tumbili. Waliokulia maabara hawakumjali nyoka mpaka walipowaona wenzao wakimshtukia. Hapo nao wakaanza kumwogopa. Lakini walipoonyeshwa video iliyounganishwa ili wenzao waonekane wakishtushwa na maua, maua hawakuyaogopa. Yaani kwa nyoka moyo uko tayari tangu mwanzo, unangoja tu uso wa mkubwa.

Mimi uso huo ulikuwa wa mama yangu. Ukelele mmoja, "Nyoka!", na fimbo zilitoka kila nyumba. Hakuna aliyeuliza ni nyoka gani.

Simlaumu mama. Wenzangu wa huku wanaouita woga wetu ushamba wana nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, na hajaua mtu tangu 1975. Kwetu kuna kifutu, ambaye hakimbii ukimkaribia. Hutulia tu, rangi yake imfiche, mpaka umkanyage. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka, wengi wao wa mashambani, mbali na dawa ya sumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Kinachoniuma ni fimbo. Kati ya aina karibu 4,000 za nyoka, wenye sumu ni takriban 600. Tunawaua hata wanaotumalizia panya bure, na anayemsogelea nyoka ili ampige ndiye anayejipeleka kwenye meno.

Nimeahidiwa kwamba nyoka yule ataletwa tena shuleni. Safari hii nitasimama kando ya binti yangu. Na tukienda nyumbani likizo nitamfundisha la pili: akimwona nyoka arudi nyuma taratibu, aite mtu mzima, wala asiokote fimbo.