Waya wa Spika na Ulaini wa Sauti Sebuleni

Mtu akilalamika kwamba matoazi yanamchoma masikio na sauti ya mwimbaji imekonda, ushauri anaopewa mara nyingi hapa Dodoma ni abadilishe nyaya, aweke nene za shaba zinazosifiwa kuwa hulainisha sauti. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko bei ya baadhi ya nyaya hizo.

Wanaoutetea wana hoja ya umeme. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme inayopimwa kwa omu, wa takriban omu 0.034 kwa mita, na spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi, hivyo hukutana na omu 0.34 hivi. Kwa spika ya omu 4 hilo si jambo la kupuuza, kwa sababu ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika, na waya mwembamba huishia kupunguza noti fulani kuliko nyingine, huku besi ikilegea. Waya wa milimita za mraba 2.5, unene uleule ambao mafundi hufungia soketi za nyumbani, hushusha ukinzani huo hadi omu 0.07. Jihadhari pia na waya wenye rangi ya shaba juu tu: ukwangue kwa wembe, na ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini, ambayo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba.

Ukishavuka hapo, hoja ya nyaya za gharama hupungua nguvu. Madini ya fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu, tofauti ambayo shaba nene kidogo huifuta. Nyaya fupi za kuunganisha simu au kicheza diski na amplifaya hazikati sauti yoyote ambayo sikio linaweza kuisikia. Wenye santuri tu ndio wanaopaswa kuangalia kapasitansi ya waya, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, maana hubadilisha kwa kweli sauti za juu za sindano.

Sebule yangu ina vigae sakafuni, kuta za bloku zilizopigwa lipu na dirisha pana la kioo, kama nyumba nyingi zinazojengwa sasa mjini. Nilipopiga rekodi za Hukwe Zawose, yule mwanamuziki Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, vyuma vya ilimba, ala yake inayopigwa kwa vidole gumba, vililia kama misumari inayomwagwa kwenye sinia. Nilinunua nyaya za bei, kisha nikamwomba mdogo wangu azibadilishe na zile za zamani, ambazo nazo zilikuwa shaba nene, mimi nikiwa nimeipa redio mgongo. Mara kumi nilikisia, na sikuwa na uhakika hata mara moja. Tulipotandika zulia na kuning'iniza mapazia mazito, ilimba ikatulia siku hiyohiyo. Tukasogeza spika karibu zaidi na ukuta, besi nayo ikajaa.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba wanaosikia tofauti wanadanganya. Sauti iliyoongezeka kidogo sana huonekana nzuri zaidi badala ya kuonekana kubwa zaidi, na anayebadilisha nyaya hulazimika kufungua skrubu, kupangusa vumbi letu jekundu na kukaza upya viungo vilivyokuwa vimelegea au kushika kutu. Manufaa hayo ni ya kweli, na waya mpya ndio hupewa sifa.

Kwa hiyo mwenye waya mwembamba au wa alumini aubadilishe bila kusita, achukue shaba ya 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, ile ya nyuzi nyingi inayokunjika kirahisi nyuma ya kabati. Mwenye shaba nene tayari apige kofi moja katikati ya sebule. Mwangwi mkali ukimrudia, pesa aliyoitenga kwa ajili ya waya aende nayo kununua zulia.