Dakika moja ya kimya kwa Mama Furaha

Banderoli, bango la ukoo wetu la kutundika, ilinigharimu dola 25 kule Nyawera mjini Bukavu, na kijana wa uchapaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika na majina. Nikamwambia yeye achapishe tu, mambo ya ukoo aniachie mimi.

Hakika yangu yote ilitoka kwenye kaye, yaani daftari, ya koko. Koko, babu yetu, alikuwa kapita, yaani msimamizi, katika shamba la kinkina huko Kabare, ile miti ambayo magome yake hutoa kwinini, enzi Bukavu ikiitwa bado Costermansville. Misheni ilimfundisha kuandika Kiswahili, naye akaandika kwa penseli kuanzia 1946 hadi 1968, herufi zimepangwa kama miche shambani. Kaye ikakaa ndani ya sanduku la bati hadi ikapata rangi ya chai na harufu ya panya. Shangazi mkubwa alinikabidhi bila kusema neno. Nami sikuuliza neno.

Kutafuta ukoo wa milimani kwetu si kazi ya kufuata jina. Baba yangu na ndugu zake sita wana majina saba, maana kila mtoto hupewa lake. Mwanamke wa Kishi, kabila letu, huitwa kwa baba yake, M'fulani, kwa hiyo ukimpata umempata baba, mwenyewe bado. Halafu mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya watakatifu, na mtu aliyelala Petro akaamka mtu mwingine. Ukiuliza tarehe ya kuzaliwa unaambiwa "wakati wa Schramme", yaani 1967, mamluki wa Schramme walipoishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba. Sasa nafungua kaye, nakuta majina, watoto na miaka, vyote mstari mmoja! Nilikaribia kulia.

Someni wenyewe:

"Furaha. Alizaa 1955, 1957, 1958. Mpole. Hapendi mvua. Maziwa mengi, Mungu asifiwe. Alikwisha Krismasi 1961."

"Mapendo, mtoto wa Furaha. Ana doa jeupe shingoni. Mkali kwa wageni. Amekwenda Nyangezi 1963, ndoa ya mdogo wangu. Imebaki moja."

"Malkia. Anatangatanga usiku. Amerudishwa mara mbili. Ameanguka, pembe ya kushoto."

Baba yangu alizaliwa 1957. Mnaona ninapokwenda? Nyanya niliyemjua mimi, yule aliyenilea, ameandikwa mara moja tu kwenye kaye nzima, mwaka 1947: "Nimeoa leo. Mvua kubwa." Basi. Lakini Furaha ana ukurasa mzima, na maziwa yake, na Mungu amesifiwa. Nikakata shauri kwamba koko alikuwa na mke wa pili ambaye familia ilimficha, na kwamba huyo ndiye mama halisi wa baba. Malkia nilimstahi; kila ukoo una shangazi wa namna hiyo, nikamwandika "mpenda safari". Ile pembe ya kushoto nilidhani ni pembe ya nyumba.

Tulikutana Kabare kwa Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, watu kama sabini, mlima Kahuzi umejifunika wingu kama kawaida yake. Nikatundika banderoli kati ya mikaratusi miwili: UKOO WETU, na juu kabisa, kwa herufi nyekundu, MAMA FURAHA, mstari mnene ukishuka kutoka kwake hadi kwa baba, kisha kwetu. Nikasalimu Kishi, "Asinge!", kwa lafudhi yangu ya mjini Ibanda, watoto wakacheka, nikaanza.

Nilianza vizuri. Nilimwita binamu yangu mwenye alama ya kuzaliwa, nikamgeuza shingo mbele ya watu wote nikasema, "Tazameni, doa la Mapendo! Damu haipotei." Watu wakapiga makofi. Yeye akatabasamu. (Hajanisemesha tangu siku hiyo.)

Nikashusha sauti. Nikasema kuna siri imelala miaka zaidi ya sitini, kwamba leo baba atamjua mama yake. Baba alikuwa ameshika kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mrija mdomoni. Hakuvuta wala hakuachia. Nikaomba dakika moja ya kimya. Watu wakasimama, kofia zikavuliwa, hadi katekista akainamisha kichwa. Kwenye migomba hakukusikika ila kuku.

Ndipo shangazi mkubwa, ambaye masikio yake hufanya kazi siku yanapotaka, akauliza kwa sauti:

"Tunalilia nani?"

"Mama Furaha, shangazi. Aliyefariki Krismasi ya 1961."

Akaniangalia. Akaangalia banderoli, kuanzia juu hadi chini, polepole, kama mtu anayesoma bei. Kisha akapandisha kitenge akaonyesha kovu kwenye muundi, refu kama kidole.

"Furaha mwenye alinipiga teke hapa?"

Sikujibu.

"Weye mutoto. Furaha tulimukula. Baba yako njo alipewa lulimi."

Kimya kiliendelea kidogo, sasa si cha heshima. Baba akatoa mrija mdomoni. "Ulikuwa mutamu," akasema.

Siwezi kueleza kicheko kile. Katekista alikaa chini kwenye majani. Mtu akaanza kulia "Muuu!" nyuma ya jiko, na watoto wakaitikia. Mimi najitetea hadi leo: kosa ni la Kiswahili. Mtu anazaa, ng'ombe anazaa, wote ni "a" ileile. Ingekuwa meza, ingeandikwa "ilizaa", ningeshtuka.

Aliyekuwa hacheki ni mzee mmoja tu, wa upande wa wakwe zetu wa Nyangezi. Aliweka kibuyu chini.

"Rudia pale pa Mapendo," akasema.

Nikarudia, kwa kuwa nilidhani ananihurumia, anataka tubadilishe mazungumzo. "Amekwenda Nyangezi 1963, ndoa ya mdogo wangu. Imebaki moja."

"Imebaki moja," mzee akawaambia wanawe. "Mmesikia. Miaka yote wanatuambia mahari ilikwisha. Kaye hainywi kasiksi."

Hapo kicheko kikakatika kama umeme wa mjini. Baba mdogo akasema penseli ya zamani haina thamani mbele ya watu. Mzee akajibu kwamba ni sisi tuliosimamisha watu kwa ajili ya penseli hiyo, na kofia tukavua. Mpwa wangu, ambaye hakuna aliyemwomba, akatoa simu akaanza kukokotoa: ng'ombe mmoja tangu 1963, ndama mmoja kila mwaka, ndama nao wakizaa. Alipofika 1990 nilimnyang'anya simu, maana ng'ombe walikuwa wameshazidi nyasi za Kabare yote.

Mashauri yalikwenda hadi giza. Hatimaye wakakubaliana mbuzi wawili na kreti ya bia, "kwa kuanzia", na kwamba atakayelipa ni yule aliyesoma. Mbuzi niliwanunua sokoni Mudaka wiki iliyofuata. Mmoja aliruka kutoka kwenye pikipiki, tukamkimbiza mimi na motari, dereva wa pikipiki, na nilipomshika nikakumbuka: anatangatanga usiku, amerudishwa mara mbili.

Kaye nimeirudisha sandukuni. Banderoli niliiacha kwenye mikaratusi, sikuwa na uso wa kuikunja mbele ya watu.

Juzi shangazi alinipigia simu. Ameitandaza juu ya banda la ndama, mvua za huku ni nyingi mno.

"Turubai yako ni nzuri, mutoto," akasema. "Ila inavuja upande wa baba yako."