Kwa picha za barazani, bado nachagua renjifainda

Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni. Mzee anamimina kahawa, dele likiwa limenyooshwa mbele yake. Kamera yangu ya otofokasi, inayojifokasi yenyewe, ikalishika dele, uso wa mzee ukabaki ukungu mtupu. Kufika kuihamisha fokasi, kikombe kimejaa na mzee keshageuka.

Nilirudi na Leica M6, kamera ya renjifainda ambayo fokasi yake unaiweka kwa mkono, yenye lenzi ya milimita 35. Kabla sijakaa nikaweka tundu la lenzi f/8, fokasi mita 3. Kwa mpangilio huo, kuanzia kama mita 2 hadi 7 picha inatoka safi. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikaomba ruhusa, na alipoinua dele nikabonyeza papo hapo. Hapakuwa na kitu cha kusubiri.

Otofokasi siibezi hata kidogo. Mtoto anayekimbia, au bi harusi kwenye mwanga hafifu kwa f/1.4, nampigia kwa kamera inayofuata jicho, maana mkono wangu hauiwezi kasi ile. Tena hizi kamera ni ndugu. Otofokasi nyingi hulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi. Renjifainda, tangu kabla ya Leica M3 ya 1954, hulinganisha taswira kutoka madirisha mawili. Tofauti ni nani anayechagua pa kufokasi, na barazani nataka nichague mimi.

Ukitaka kufokasi kwa usahihi zaidi, tazama kile kiraka chenye mwanga katikati ya kitazamio. Utaona taswira mbili za kitu kimoja zimeachana kidogo, kulia na kushoto. Zungusha pete ya lenzi taratibu hadi zilaliane ziwe moja. Tafuta mstari wa wima: mwimo wa mlango, ukingo wa kanzu, pembe ya kola. Mstari wa kulala hausaidii. Ukiukosa wa wima, igeuze kamera isimame wima kwanza.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kile kitazamio. Hakipiti kwenye lenzi, kwa hiyo hakuna kinachofifia, na hata kilicho nje kidogo ya fremu unakiona. Jioni ile nilimwona kijana akija na vikombe vilivyooshwa kabla hajaingia kwenye picha. Nikamngoja. Aliponyoosha mkono, mzee akainua macho kumtazama, na hiyo ndiyo picha niliyoitundika ukutani.